Taa Tu

"Breki zipo, mama. Zinashika vizuri kabisa. Ni taa tu ndizo haziwaki."

Dereva aliyenijibu hivyo alikuwa kijana wa rika la wanafunzi wangu wa juzi, na alinijibu kwa adabu zote, kofia mkononi, ameshaniamkia. Tulikuwa Igawa, jioni moja ya mwezi uliopita, mvua imetoka kukatika. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nyuma ya lori lake tukiteremka kutoka upande wa Makambako kuingia bonde la Usangu. Alikuwa amepakia mahindi, na turubai lake la kijani lilijaa kioo changu chote cha mbele. Kundi la ng'ombe likakatiza barabara, akafunga breki. Sikuona ishara yoyote. Niliona turubai likikua. Kwa sekunde moja hivi sikuelewa kwa nini ule ukijani unanijia, na sekunde moja kwa gari la mwendo wa kilometa 60 kwa saa ni karibu mita 17. Niliposimama, kati ya boneti yangu na bampa lake angeweza kupita mbuzi mmoja, tena awe amekonda.

Sikumgombeza. Kilichoninyamazisha ni lile neno lake dogo, "tu". Nilishawahi kulitamka mimi mwenyewe, juu ya gari langu mwenyewe, nikiwa mwalimu wa fizikia mwenye chaki mfukoni. Lilinigharimu faini, likanigharimu betri, na siku moja mlimani lilikaribia kumgharimu mtu nisiyemjua kitu kisicholipika. Ndiyo maana nayaandika haya.

Gari langu la kwanza lilikuwa saluni ya Kijapani ya mtumba, la gia za mkono. Nililinunua kwa mkopo uliokatwa kwenye mshahara mpaka nikasahau mshahara kamili ulikuwa na sura gani. Lilinipeleka shuleni asubuhi, na siku za mapumziko likanipeleka kwenye majaruba yangu ya mpunga upande wa Ubaruku. Siku moja kwenye kituo cha mafuta hapa Rujewa, mtu nisiyemfahamu, kwa mavazi yake dereva wa malori, alikuja dirishani. "Dada, taa zako za breki hazipo." Nikamshukuru, nikawasha gari, nikaenda zangu. Nilikaa na maneno yake wiki tatu bila kuyafanyia kazi.

Nilikuwa na sababu zangu. Gari lilikuwa linasimama pale ninapotaka lisimame. Isitoshe, usiku nilipokuwa nafunga geti niliziona taa nyekundu za nyuma zikiwaka, nikajiambia yule mtu kakosea. Sikukumbuka kwamba balbu ile ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya tumbo moja: mmoja wa wati 5 kwa ajili ya usiku, mwingine wa wati 21 kwa ajili ya breki, na kila mmoja una waya wake. Mmoja ukipata umeme, haina maana kwamba na mwenzake anapata.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ni ya mahali nilipokaa. Zinapotakiwa kuwaka taa za breki, dereva ameangalia mbele na mguu wake uko kwenye pedeli. Hawezi kuwa nyuma ya gari lake kwa wakati huohuo. Wahenga walishasema nyani haoni kundule. Ukikatiza hifadhi ya Mikumi kwa basi, utawakuta nyani wamekaa pembezoni mwa lami wametugeuzia migongo, na abiria wote dirishani wanakiona kitu ambacho mwenyewe hatakiona maisha yake yote. Basi mimi nilikuwa nyani wa Rujewa. Mji mzima ulikuwa unaniona, na aliyejitolea kuniambia nikamwona mtu wa kunipotezea muda.

Wa pili kuniambia alikuwa askari wa usalama barabarani, na yeye aliniambia kwa maandishi: shilingi 30,000.

Kwa hasira ya faini nikaingia gereji ya kwanza niliyoiona. Fundi hakuniuliza swali hata moja. Alifungua taa za nyuma, akazitazama balbu kwenye mwanga kama anayekagua mayai, akasema zimekwisha. Nikanunua mbili. Hazikuwaka. Akasema basi na ile ya juu kwenye kioo cha nyuma nayo imekwisha, nikanunua ya tatu. Haikuwaka. Hapo akajishika kiuno na kutamka hukumu inayoogopwa na kila mwenye gari: waya zote zimechoka, inabidi kufumua. Nilimlipa cha balbu nikaondoka.

Aliyenifungua macho alikuwa mzee mmoja aliyefanyia kazi chini ya mwembe, nje kidogo ya mji. Asubuhi alikuwa mkulima, mchana fundi umeme wa magari, na matope ya kazi ya kwanza yalikuwa bado kwenye vifundo vya miguu yake alipoanza ya pili. Nilimweleza habari yote, na balbu tatu mpya nikamwonyesha. Hakuzishika.

"Zilizima zote tatu kwa pamoja?"

"Naona ndivyo."

"Mwalimu, wewe una majaruba?"

"Ninayo."

"Jaruba moja likikauka, unakwenda kutazama wapi?"

"Kwenye mlango wake."

"Na yakikauka yote?"

"Nafuata mfereji mpaka kwenye banio."

"Haya. Sasa tuache kuhangaika na majaruba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimechora ubaoni kitu hikihiki kwa wanafunzi wa kidato cha pili: betri, swichi moja kwenye mfuatano, taa tatu sambamba. Swali la mtihani lilikuwa langu mwenyewe: taa zote tatu zikizima kwa mara moja, hitilafu iko wapi? Aliyejibu "kwenye taa" nilimpa sifuri. Na mimi nilikuwa nimetoka kununua balbu tatu.

Nilisimama nikamtazama alivyofanya, kwa sababu nilijua namtazama mwalimu mwenzangu. Alianza na kasha la fyuzi, akaitafuta ile iliyoandikwa STOP. Testa yake ilikuwa balbu ndogo ndani ya mpini, ncha ya sindano upande mmoja, waya wenye kibanio upande mwingine. Akabana kibanio kwenye chuma cha bodi, akagusa fyuzi sikio la kushoto, testa ikawaka. La kulia, ikawaka. Maji yamevuka hapo, akasema, tushuke. Akasukuma kiti cha dereva nyuma kabisa, akalala chali, kichwa kikapotea chini ya dashibodi na miguu ikabaki nje ya mlango.

Pale juu, pedeli ya breki inapoanzia, kuna kidude cha ukubwa wa kidole gumba, na mwishoni mwake kidude hicho kina kijiti kidogo chenye springi. Hiyo ndiyo swichi ya breki. Mzee alinielekeza niingize mkono niiguse, kisha akanieleza akiwa amelala palepale kwamba inafanya kazi kinyume cha kengele ya mlangoni. Mguu usipokuwepo, mkono wa pedeli unakandamiza kile kijiti, na swichi inanyamaza. Mguu ukikanyaga, pedeli inakiacha, kijiti kinachomoka kwa springi yake, vyuma viwili vya ndani vinakutana na umeme unakwenda nyuma. Akagusa waya wa kwanza: umeme upo. Akakanyaga pedeli kwa mkono na kugusa waya wa pili: giza. Akachomoa soketi ya swichi, akachuna ncha mbili za kipande cha waya, akachomeka ncha moja kwenye tundu hili na nyingine kwenye lile, kama mtu anayeweka ubao juu ya mtaro.

"Mwalimu, nenda nyuma."

Nikaenda.

"Unaona nini?"

Taa tatu zilikuwa zinawaka nyekundu, juani, zimeniangalia. "Zimewaka!" nikapiga kelele kama mtoto. Kwa kipande kile cha waya alikuwa ameziachilia huru balbu, soketi zake, waya na fyuzi kutoka kwenye tuhuma, na mshukiwa akabaki mmoja. Alipoibandua swichi yenyewe nikaona vyuma vyake vya ndani vimeungua, vyeusi kama chungu cha maharage.

Swichi nyingine, ya mtumba, ilipatikana siku hiyohiyo, na bei yake pamoja na ufundi haikufika nusu ya faini niliyolipa. Kuifunga kulihitaji subira zaidi kuliko kuinunua. Ukiiingiza mno, inaizuia pedeli isirudi mwisho na breki zinabaki zimeshika kidogokidogo. Ukiiacha mbali mno, kijiti hakikandamizwi na taa haziwi na wakati wa kuzima. Mzee alikuwa anaizungusha robo kwa robo, mimi nyuma ya gari naimba: zimewaka, zimezima, zimewaka, zimewaka bado, zimezima. Kisha akakaza nati.

Siku ile niliondoka na mambo mawili. La kwanza ni la banio: vitu vingi vikiharibika kwa pamoja, tafuta vinapokutana kabla hujafungua mkoba. La pili sikulielewa vizuri wakati ule. Mzee yule alikuwa na testa na miaka thelathini ya kazi, lakini bado alihitaji mtu wa kwenda nyuma amwambie.

Gari la pili lilikuwa la gia za otomatiki, na ndilo lililonifundisha ugonjwa wa upande wa pili. Ilikuwa likizo ya Juni, nimekwenda Mafinga kwa mdogo wangu, na Mafinga ya Juni anayeijua anaijua: maji ya kunawa yanauma meno kabla hayajafika mdomoni. Asubuhi ya kwanza gari halikuwaka. Shemeji akasema ni baridi, tukalivutia umeme kwa betri ya gari lake. Asubuhi ya pili vivyo hivyo. Nikanunua betri mpya. Asubuhi ya tatu betri mpya nayo ilikuwa imekufa, na fundi aliyeniuzia akaanza kunitazama kama mtu mwenye mkosi.

Katika siku hizohizo nilikuwa nimekuta chenga za rangi ya kahawia kwenye zulia la chini ya miguu ya dereva. Nilimwita mtoto wa mdogo wangu, wa miaka mitano, nikamkaripia kwa kula biskuti garini. "Sijala, mama mkubwa," akaapa, machozi yanamlengalenga. Nikazifagia zile chenga nikazitupa nje ya geti.

Aliyetuokoa alikuwa mlinzi wa jirani. Alikuja asubuhi ile kuota moto jikoni akasema, bila kukusudia kutibu chochote: "Gari lenu hilo linalala macho mekundu."

Fundi kijana aliyeitwa alicheka aliposikia kuhusu biskuti. Pale kijiti cha swichi kinapokutana na mkono wa pedeli, chuma cha pedeli kina tundu, na juu ya tundu kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Kifuniko kile huzeeka. Miaka ikishapita kinakauka, kinamomonyoka, na chenga zake zinadondokea palepale ambapo mtoto mwenye biskuti angekaa. Kikishaondoka, kijiti kinapenya kwenye tundu, hakuna kinachokikandamiza, na swichi inaamini kwamba kuna mtu amekanyaga breki mchana na usiku. Umeme wa taa hizi haupiti kwenye ufunguo. Unatoka betri moja kwa moja. Taa tatu za wati 21 ni wati 63, na kwa betri ya volti 12 hiyo ni zaidi ya ampea 5. Kutoka saa 1 jioni hadi saa 12 asubuhi zinakunywa zaidi ya ampea-saa 55, na betri yangu ilikuwa ya 45. Hesabu ambayo kidato cha tatu wangenifanyia nikiwa nakunywa chai.

Kijana alianza kwa kukata kipande cha kandambili na kukibandika. Taa zikawa zinapepesa kila gari likitikisika, maana mpira unabonyea. Akakitoa, akapitisha boliti fupi yenye kichwa kipana kwenye tundu na kuifunga kwa nati upande wa pili. Zikazima. "Hii ni ya muda, mama," akasema. "Ukifika Mbeya tafuta kifuniko chake." Kisha akanionyesha jambo lililonifanya nikae chini. Siku zote tatu zile, mkono wa gia ulikuwa unaweza kutoka kwenye P bila mtu kukanyaga breki, kwa sababu kufuli lake linasubiri habari kutoka kwenye swichi ileile, na swichi ilikuwa inasema "amekanyaga" saa 24. Na garini alikuwa anacheza mtoto wa miaka mitano.

Nilimwomba msamaha yule mtoto, na biskuti nikamnunulia za kweli. Kwangu mimi nililiweka moyoni fundisho la Mafinga: taa inayowaka wakati wote imezimika kwa namna yake. Anayekufuata akiiona nyekundu kutoka Mafinga mpaka Nyololo, hawezi kujua ni wapi umesimama kweli. Na lingine, la ufagio: kabla hujafagia chenga, ziulize zimetoka wapi.

Lakini neno "ya muda" ni ndugu wa tumbo moja na neno "tu". Nilirudi Rujewa, boliti ikakaa mwaka mzima.

Msiba ulitokea Matamba. Tulitoka nyumbani tukiwa watano, shangazi yangu mbele, binamu watatu nyuma, masufuria na mikeka kwenye buti. Tukasimama Chimala kununua sukari na mchele wa msibani. Tuliporudi garini, mkono wa gia ukagoma kutoka kwenye P. Nikavuta, nikasukuma, nikazima na kuwasha. Watu wakajaa. Mmoja akasema giaboksi imekufa, mwingine akasema mafuta yake yamekauka, wa tatu akawa tayari anapiga simu kwa rafiki yake mwenye gari la kuvuta mpaka Mbeya.

Kijana mmoja wa bodaboda aliteremka kwenye pikipiki yake, akazunguka nyuma ya gari. "Kanyaga breki, mama." Nikakanyaga. "Hakuna kitu huku. Giaboksi yako nzima. Gari halijui kama umekanyaga." Akaja mbele, akabandua kifuniko kidogo kando ya mkono wa gia, chini yake pameandikwa SHIFT LOCK, akachomeka ncha ya ufunguo na kubonyeza. Gia ikatoka laini kama kisu kwenye siagi. Baadaye mzee wa chini ya mwembe alinionyesha kisa chenyewe: kichwa cha ile boliti ya muda kilikuwa kinagonga kijiti kwa upande, siku baada ya siku, mpaka kijiti kikapinda na kukwama ndani.

Kijana wa bodaboda hakutaka pesa. Alitaka nimsikilize. "Mama, ukiondoka hivi ujue huna taa za breki. Tafuta swichi hapahapa, ni kazi ya nusu saa."

"Maiti haingoji," akasema shangazi.

Na mimi, mwalimu wa fizikia, niliyeshatozwa faini, niliyeshaua betri mbili, nikasema: "Breki zipo. Ni taa tu."

Asiyeijua njia ya Chimala kwenda Matamba namweleza kwa ufupi. Unatoka bondeni Usangu, kwenye joto na mpunga, unapanda ukuta wa mlima kwa kona 57, mpaka kwenye baridi na viazi. Ndiyo njia ya kwenda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Kupanda tulipanda salama. Siku ya pili jioni, baada ya maziko, tukaanza kushuka, na ukungu nao ukaanza kushuka pamoja nasi.

Nilikuwa kwenye gia ndogo, kama inavyotakiwa mlimani, nikigusa breki pale tu penye kona. Nyuma yangu ilikuja kenta ya viazi. Kwenye kona moja, mtoto aliyekuwa anaswaga mbuzi alitokea ndani ya ukungu. Nikakanyaga breki. Zikashika, vizuri kabisa. Gari likasimama hatua nne kutoka kwa yule mtoto. Kisha nikasikia nyuma yangu mlio mrefu wa matairi kwenye kokoto, na kwenye kioo nikaona mwanga wa kenta ukihama kutoka kwangu kwenda upande wa mlima.

Alichagua mlima. Upande wa pili ulikuwa korongo. Kenta iliingia mtaroni ikalalia ukingo, magunia matatu yakapasuka, na viazi vikaanza kuteremka barabarani kimoja kimoja, vikitupita.

Niliteremka nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Dereva alikuwa mtu mzima, amesimama kando ya mlango wake, mikono inamtetemeka. Alinitazama kwa muda.

"Mama," akasema, "mimi breki ninazo, na nimezikanyaga. Lakini wewe hukuniambia."

Tuliokota viazi karibu saa nzima, mimi na shangazi na binamu zangu na yule mtoto mchunga mbuzi, tukimulika kwa simu. Nililipia vilivyopondeka. Shangazi hakusema neno mpaka tulipofika Chimala. Ndipo akasema, "Kumbe maiti ingengoja."

Nimeyarudia maneno ya yule dereva mara nyingi kuliko kanuni yoyote niliyowahi kufundisha. Kwa miaka mingi niliihesabu swichi ya breki kama pambo la breki, kitu kinachofuata baada ya kazi yenyewe kufanyika. Yeye alinionyesha kwamba ni breki ya pili. Mguu wangu unasimamisha gari langu. Gari la nyuma mguu wangu hauwezi kulisimamisha, ila kwa kupitia kile kijiti cha ukubwa wa punje ya mahindi, na ile taa, na jicho la mtu nisiyemjua.

Wenye elimu ya mambo haya walishayapima. Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja huko San Francisco, John Voevodsky, aliziwekea teksi 343 taa ya breki ya ziada katikati, nyuma. Breki zenyewe hakuzigusa. Ajali za kugongwa kwa nyuma zikapungua kwa zaidi ya asilimia 60. Marekani ikaifanya taa ile kuwa sharti kwa magari mapya ya abiria ya matoleo ya 1986, na ndiyo hiyo ninyi na mimi tunaiona leo kwenye kioo cha nyuma. Ilipokuja kupimwa tena baada ya miaka mingi, magari yote yakiwa nayo, faida yake ilikuwa imeshuka hadi kama asilimia 4. Macho yalikuwa yameizoea. Hata hivyo asilimia 4 ya ajali za kugongwa kwa nyuma za nchi nzima ni watu wengi wanaofika nyumbani. Na mwaka 2013 magari zaidi ya milioni moja na nusu ya Hyundai na Kia yaliitwa kurudi huko Marekani kwa ajili ya swichi hii tu, kwa sababu ikikosea taa zinaweza zisiwake, gia inaweza kugoma kutoka kwenye P, na mwendo uliowekwa ujiendeshe unaweza usikatike kwa kukanyaga breki. Niliposoma dalili zile nilizitambua mbili kati yake kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake.

Siku hizi kila Jumapili jioni narudi kinyumenyume kuelekea ukuta mweupe wa jiko la shule. Nakanyaga pedeli na kutazama kioo: ukuta ukiwa mwekundu kushoto, kulia na katikati, naenda kulala. Ukuta ni jirani mzuri kwa asiye na jirani. Na kidato cha pili, tukifika kwenye somo la sakiti, nawatoa darasani. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, mmoja anachomoa fyuzi, wengine wote wanakwenda nyuma, kwa sababu ndiko jibu linakoonekana.

Turudi Igawa. Yule kijana wa lori alikuwa bado amesimama mbele yangu, anasubiri nimalize hasira yangu aendelee na safari ya Tunduma. Sikumsimulia lolote kati ya haya. Nilimwuliza tu kama utingo wake anaweza kupanda akae kwenye kiti chake, na yeye aje huku nyuma, asimame pale gari langu lilipokuwa limesimama.

Alikuja. Giza lilikuwa limeshaingia. Turubai, bampa, matope, namba za gari ambazo hazisomeki. Akasimama kando yangu, mikono kiunoni, akatazama mgongo wa lori lake.

"Kanyaga!" akapaza sauti.

"Nakanyaga!"

"Kanyaga bwana!"

"Nimekanyaga mpaka chini, kaka!"

Akabaki kimya, anatazama.